Anki na Kijerumani: kukumbuka neno si kuliongea

Siku hizi hapa Mombasa ukikaa na vijana wanaosoma Kijerumani, hasa manesi wanaotaka kwenda kufanya kazi huko, hukosi kusikia jina Anki, programu ya simu ya kukariri maneno. Na tangu Kenya na Ujerumani zitie sahihi ule mkataba wa wafanyakazi Septemba 2024 ndo imezidi, utamkuta mtu kwenye feri ya Likoni amesimama na mzigo na bado kidole kiko kwa simu chabonyeza kadi. Ubishi ni ule ule: hawa wasema bila Anki mtihani wa B2 (kile kiwango cha kati cha juu cha lugha) hutoboi, wale wasema ni kupoteza wakati, lugha yafunzwa na mdomo.

Kwa asiyeijua, ni programu ya kadi, mbele neno nyuma maana. Ukikumbuka, kadi yaenda kurudi baada ya siku kadhaa, kisha wiki, kisha miezi, ukisahau yarudi hapo hapo. Si ajabu mpya. Piotr Woźniak wa Poland aliitengeneza hesabu yake ya kupanga marudio miaka ya 80, Anki ikaichukua ilipotoka 2006, na yeyote aliyehifadhi juzuu madrasa aijua murajaa tangu utotoni, juzuu ya zamani usipoirudia yaondoka na ustadhi haulizi ulikuwa na shughuli gani.

Wanaoisifu nawaelewa. Mtu wa zamu za usiku atapata wapi masaa mawili ya kukaa na daftari? Dakika zake ni hizo za feri na matatu, na programu yenyewe kwa Android ni bure na haitaki bando ukishapakua kadi (kwa iPhone utalipa kama dola 25, pole).

Wapinzani nao wana mfano mmoja mkubwa, vijana wa bichi. Nenda Diani au Nyali, kijana anapiga Kijerumani na Kiitaliano na hajawahi kuona kadi maishani. Kweli kabisa, lakini hebu tuangalie vizuri, yule ana mtalii mbele yake kila siku na maneno yake ni yale yale, bei, boti, safari, kesho saa ngapi, sasa hayo si marudio? Ila mwambie aandike barua rasmi ya malalamiko, manake mtihani wataka kuandika pia, hapo ndo utaona.

Mie kinachonikera si Anki, ni vile watu wanavyoitumia. Hermann Ebbinghaus, ambaye 1885 ndo alichapisha vipimo vya tunavyosahau, alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana yoyote. Sasa mtu apakua fungu la maneno elfu nne ya mtu mwingine, hajawahi kukutana na hata moja, kwake hizo ni silabi tu, halafu alalamika hazikai. Kadi yako ikiwa "Verband" na nyuma "bandeji", utaipita kila mara na wodini bado utakwama. Iandike "Ich muss den Verband wechseln", nahitaji kubadilisha bandeji, umepata neno, umepata jinsia yake (kwa Kijerumani neno huwa la kiume, la kike au la kati), na ukajua "der", ile alama ya kiume, hapo yageuka "den". Hiyo ni kadi ya mtu aliyekuwa darasani, si ya kupakua.

Halafu kuna deni la marudio. Anki yenyewe huanza na kadi mpya 20 kwa siku, waona ni kidogo, lakini ukiendelea hivo marudio yafika kama 200 kila siku, na siku mbili za msiba au harusi zatosha kukuta mlima ukaifuta programu kwa hasira. Kwa mtu anayefanya kazi, 5 au 8 zatosha sana.

Na kama mtihani ni wiki mbili zijazo, weka kadi mpya sifuri kabisa, rudia za zamani tu, na muda utakaobaki mtafute mwenzako wa darasa mwongee hata kama nyote mwakosea.