Kila Kituo Kiwe na Picha Yake

Metro ya Jiji la Mexico, yaani treni ya chini ya ardhi, ilipofunguliwa Septemba 1969, jiji lile lilikuwa na wakazi wasiojua kusoma. Timu ya michoro, akiwemo msanifu Mmarekani Lance Wyman, ikakipa kila kituo picha yake. Chapultepec ni panzi, kwa sababu jina hilo kwa Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Mexico, ni kilima cha panzi. Pino Suárez ni hekalu dogo la Ehecatl, mungu wa upepo: wachimbaji walilikuta pale pale ardhini, na mpaka leo wanaobadilisha treni wanapita kando yake. Talismán, iliyokuja baadaye, ni mamothi, mnyama wa kale aliyefanana na tembo, maana mifupa yake ilifukuliwa njia ya 4 ilipokuwa inajengwa.

Mtazame huyo panzi kwa karibu. Amekaa ndani ya mraba wenye pembe zilizolainishwa, na mraba una rangi ya waridi, rangi ya njia ya 1. Ukitupa jicho mara moja umeshajua uko kituo gani na uko njia gani.

Wapo wanaosema picha ni za wasiojua kusoma tu. Sikubaliani nao hata kidogo. Treni ikishajaa, umesimama umebanwa, unachokiona nje ni kipande cha ukuta kati ya mabega ya watu. Herufi za jina hazionekani zote. Rangi na umbo vinatosha. Ndiyo maana navipenda pia vituo vya treni za chini ya ardhi vya London vilivyosanifiwa na Leslie Green, vilivyofunguliwa 1906 na 1907: kila kimoja kina vigae vya mpangilio wake, na abiria aliyezoea anakitambua chake kabla treni haijasimama.

Dar es Salaam tayari tunayo mazoea haya. Mgeni anaelekezwa apande daladala yenye mstari wa rangi fulani, na anafika. Basi vituo vya mabasi ya mwendokasi navyo vipewe picha, kubwa, zinazoonekana ukiwa ndani ya basi. Majina yenyewe yanajichora: Kivukoni pantoni, Magomeni Mapipa mapipa, Fire gari la zimamoto, Ubungo Maji tone la maji. Maua ya kupamba tu hayatamsaidia mtu kujua ashuke wapi.

Jangwani na Usalama ni vigumu zaidi kuvichora. Hapo waulizwe mama lishe na bodaboda wa eneo husika, maana wao ndio wanaowaelekeza wageni kila siku.