Mwalo wa zege Mtera: tuujenge wapi, maji yenyewe yanahama?

Ukifika Migoli, upande wa Iringa wa Bwawa la Mtera, huhitaji kushawishiwa kwamba wavuvi wanastahili mwalo wa zege, yaani pa kutia mitumbwi na kushushia samaki palipomwagwa zege. Mtumbwi wa mbao ukiburuzwa kila siku kwenye changarawe, ubao wa chini unalika na maji yanaanza kupenya kwenye maungio. Wachuuzi wanaingia kwenye matope hadi magotini kupokea perege, wanatoka na beseni kichwani jua likiwa limeshapanda. Mnunuzi anafunua matamvua kwa kidole gumba, anaguna, na bei inashuka hapo hapo.

Mwalo mmoja unaojulikana una faida nyingine. Ofisa uvuvi anaziona nyavu, kokoro, ule wavu wa kuburuza, halipiti kirahisi, samaki wanapimwa mahali pamoja na ushuru unakatwa kwa mashine. Halafu kuna mamba na viboko. Kushuka penye watu na taa si sawa na kushuka vichakani usiku.

Shida ni bwawa lenyewe. Mtera lilijengwa miaka ya 1970 kwenye Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme, samaki wakaja kuwa nyongeza. Kituo chake ni cha megawati 80, na maji yakitoka hapo huteremka hadi Kidatu kuzungusha mitambo ya megawati 204. Bwawa likijaa, maji husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini cha kuzalisha umeme ni mita 690. Kati ya hapo kuna mita 8.5. Kwenye ufuko wa tambarare unaoshuka mita moja kwa kila mita 100, maji yakifika chini yatakuwa yamelikimbia zege lako kwa mita 850, na wa kulitumia watakuwa ng'ombe. (Anayetaka kukagua eneo asije mwezi Mei, wakati kila mahali panapendeza. Aje Novemba.)

Watetezi wa zege wana jibu: tujenge penye ukingo wenye mteremko mkali. Hesabu inawaunga mkono, maana kwa mteremko wa moja kwa nane, urefu wa mita 68 unatosha kuyafuata maji kutoka juu hadi chini. Lakini ukingo mkali haupo lazima pale kijiji kilipo. Ukiwa mbali, mvuvi hatapiga kasia hadi huko kwenda kupimiwa samaki. Atashusha karibu na kwake, na ushuru utapotelea huko huko.

Mimi naona tutenganishe mambo. Mzani, choo, banda la mnada na barabara viwe vya kudumu, nje ya zile mita 60 za kandokando ya maji ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inazilinda. Pa kushukia pawe pa kuhama: magogo ya kuviringishia mitumbwi na njia ya mkokoteni inayosogezwa kila maji yanaporudi nyuma.

Gharama ya mpango huu iko kwenye matunzo. Zege halidai msimamizi kila mwezi, njia ya matope inadai. Kikundi cha wavuvi wanaolinda rasilimali za bwawa, BMU, kinaweza kuibeba kazi hiyo iwapo fungu la ushuru litabaki mwaloni. Halmashauri ikilichukua lote, sitabishana tena na watu wa zege: wamwage, litumike angalau maji yakiwa juu.