Tunaikosea kashata

Juzi kijiweni jamaa mmoja alisukumiwa kisahani cha kashata akakirudisha kama kina sumu. "Sukari tupu hiyo, kaka." Dakika mbili baadaye akaagiza soda. Mimi nilikuwa natafuna, sikuweza kumjibu.

Ningekuwa na mdomo mtupu ningempigia hesabu. Kashata ya karanga ikipikwa nusu kwa nusu kwa uzito, kipande cha gramu 30 kina sukari gramu 15, karibu vijiko vinne vya chai. Si kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akiweza asizidishe gramu 25 kwa siku, kwa hiyo vipande viwili tayari umevuka. Lakini soda aliyoagiza ya mililita 350 ina kama gramu 35, na haina kingine cha maana. Kwenye kashata nusu iliyobaki ni karanga: protini karibu gramu nne, na mafuta ambayo mengi yake ni yale mazuri kwa moyo. Halafu nani anakula kashata kwa pupa? Unaimung'unya na kahawa chungu, kipande kimoja kinamaliza vikombe vitatu, pamoja na nusu ya habari za mpira. (Mwenye kisukari asinisikilize mimi, amsikilize daktari wake.)

Karanga yenyewe ni mgeni aliyezoea. Asili yake Amerika Kusini, Wareno wakaileta Afrika, na kwa ukoo ni ndugu wa kunde na maharage. Waingereza waliipenda hadi mwaka 1947 wakaanzisha mashamba makubwa ya matrekta Kongwa, Dodoma. Mvua ikagoma, ardhi ikakauka ngumu kama saruji, na mwaka 1951 wakafunga kazi na hasara ya pauni milioni 36. Wakulima wa Dodoma wanaendelea kulima karanga kwa jembe mpaka leo.

Kinachonitia wasiwasi kwenye kashata ni kingine: sumukuvu. Ni sumu ya kuvu wanaoota kwenye karanga zisizokaushwa vizuri au zilizohifadhiwa penye unyevu. Inaharibu ini, na kukaanga kunaipunguza tu, hakuimalizi. Sukari iliyoungua na iliki zinaweza kuficha ladha ya karanga mbovu usijue umekula nini.

Shangazi yangu hajawahi kulitamka hilo neno. Lakini kabla hajawasha jiko anamwaga karanga kwenye ungo na kuzipitia kwa vidole. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, zote zinakwenda shimoni. Hata kuku hawapi. Ndipo anakaanga, anazifikicha maganda, anapeta. Sukari anaiyeyusha bila maji mpaka iwe rangi ya asali, anamimina karanga, anakoroga haraka, anatandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta. Kisu kinapita ikiwa bado ya moto. Ukichelewa hukati tena, unavunja.

Basi siku hizi simuulizi muuzaji sukari katia kiasi gani, naionja mwenyewe. Namuuliza karanga kachambua nani. Wa kijiweni kwetu alisimamisha mkono na dele hewani.

"Mke wangu. Kwani vipi kaka, umekutana na chungu?"

Nikamwambia hapana, aniongeze moja.