Minazi Minne

Kwa kuwa mwenzangu wa bao ameshaisambaza habari ya safari yetu ya Pemba, mimi na bibi yenu, kwa namna yake, tena kwa sauti ya kurekodi ya dakika sita kwenye kundi la barazani, acha niieleze mwenyewe. Kwanza, hatukulala. Aliyesema tumelala siku mbili ni muongo na anajijua. Pili, kuku hakuwa jogoo, alikuwa tetea. Ile ya minazi ni kweli.

Wajukuu mnaonifuata huku mnajua bibi yenu tangu Mwaka Kogwa, ile sherehe yetu ya mwaka mpya Makunduchi, ananisemesha: twende Pemba tukamuone mtoto wa marehemu mdogo wangu. Mtoto mwenyewe mara ya mwisho kumtia machoni ana miaka kumi na mbili, ana upara wa mashilingi, yale mapunye, kichwani. Leo ana watoto wake. Basi Jumamosi tukatoka Makunduchi usiku usiku, tukawahi boti bandarini Malindi. Habari ya boti siisemi. Mie niliyekuwa nikijisifu mtoto wa pwani niliteremka Mkoani nimeshikwa mkono na kijana wa darasa la tatu. Yapite.

Mkoani tukapanda daladala ya 603 mpaka Chake, Chake tukapanda 606 ya njia ya Wete, na harufu ya karafuu imejaa hadi ndani ya gari. Mbele tukachukua bodaboda mbili za kuelekea Mtambwe. Simu ya bibi yenu imezima chaji, yangu niliisahau nyumbani juu ya kabati, lakini maelekezo tunayo kichwani: nyumba ya bati jipya, mwembe mbele, karafuu zimeanikwa uwanjani. Nakuulizeni nyie: Pemba, mwezi wa Oktoba, nyumba gani haina karafuu uwanjani?

Mwembe tukauona. Bati jipya tukaliona. Na mvua ya vuli nayo ikatuona. Haikunyesha, ilimwagwa. Watu wakatoka mbio ndani, "Karafuu! Karafuu!", maana karafuu ikirowa imeharibika, na ile ni kazi ya miezi. Mie nikatupa mkoba, miwani nikaitia mfukoni, nikashika pembe ya jamvi. Bibi yenu na buibui lake kashika pembe ya pili. Tukabeba, tukaingiza ukumbini, tukarudi kufuata jingine. Majamvi matano. Mnaouliza "hamkuulizana majina?", hebu niambieni: mtu anakuokolea karafuu zako mvuani, utamuuliza jina?

Mwenye nyumba, baba mtu mzima na ndevu zake, akanipa msuli wake mkavu nijifunge. Mkewe akamchukua bibi yenu ndani, akambadilisha kanga. Simu ikatiwa chaji. Tukaletewa muhogo wa nazi na samaki, na nje nikasikia kuku anafukuzwa. Nikamwambia bibi yenu, "Unaona? Damu nzito." Akaninong'oneza, "Lakini mbona hakuiti ami? Anakuita mzee tu." Nikamjibu, "Adabu za Pemba hizo, wewe hujui."

Bibi yenu akatoa zawadi: pweza mkavu na doti ya kanga aliyoichagua Darajani saa nzima, imeandikwa undugu ni kufaana. Mama wa watu akaipokea kwa mikono miwili, macho yamemlenga machozi. Kisha wakaketi wote wawili kuchambua karafuu, huku karafuu, kule makonyo, vile vijiti vyake, kama waliozaliwa nyumba moja.

Sasa mie tumbo limejaa, nikaona ndio wakati wa kusema yaliyonileta. Nikamkalisha yule bwana barazani. Nikamwambia, mwanangu, umetutupa. Miaka yote hii Mwaka Kogwa unapita huji, hata simu hupigi, baba yako angekuwa hai angesemaje? Yule bwana akainamisha kichwa. Akasema, "Nisamehe, mzee. Makosa ni yangu."

Wallahi alisema hivyo.

Nikalainika. Nikaona na lile la shamba tulimalize hapo hapo. Minazi ya marehemu iko kumi na mmoja, nikamwambia, wewe nakupa minne, ile ya upande wa kisimani, saba wagawane dada zako. Una neno? Akafikiri kidogo. "Sina neno, mzee. Nyie wakubwa ndio waamuzi." Nikamshika bega. Kijana msikivu kiasi hiki, na watu wa Makunduchi wanasema ana kiburi!

Imepita alasiri, simu ikalia ndani. Mtoto akaniletea. Mnajua masikio yangu, kwa hiyo nikaiweka sauti kubwa, baraza zima isikie.

"Ami! Mko wapi? Tumewangoja tangu adhuhuri!"

Nikacheka. "Tuko kwako!"

"Kwangu wapi, ami? Mie niko barazani kwangu, siwaoni."

Nikasema, acha mzaha mwanangu, si tumekaa pamoja hapa. Nikamgeukia yule bwana nimshike goti tucheke wote. Nikamtazama mdomo. Mdomo umefumba. Na sauti kwenye simu inaendelea, "Ami? Ami?" Nikatazama tena, labda anasemea puani. Nikatoa miwani mfukoni, nikaifuta kwa ncha ya msuli wake, polepole, kama mtu anayefuta ili isifike siku ya kuivaa. Nikaivaa. Uso ule sikupata kuuona tangu nizaliwe.

Ndani, bibi yenu mkono umeganda hewani na konzi ya karafuu. Mama wa watu kanga yetu keshajifunga. Yule bwana akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama yeye.

"Kwani huyu si mjomba wako wa Unguja?" akauliza bwana.

"Mjomba wangu? Mie nilijua mzee wa kwenu!"

Kumbe mchana kutwa kila mmoja anaogopa kuwavunjia heshima wakwe. Na lile la kuitupa familia? "Mzee," akaniambia baadaye, "nani hana mkwe aliyemtupa?"

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Mwanangu wa kweli akaja na vespa, nyumba yake ya tatu kutoka pale, bati jipya, mwembe mbele. Kanga haikurudi, pweza hakurudi, na msuli nimerudi nao Unguja kwa sababu suruali yangu haijakauka. Kule nako kuku alikuwa ameshachinjwa, nikala tena kwa aibu. Kuhusu Mwaka Kogwa sikuwa na nguvu ya kugomba mara ya pili, kwa hiyo mwenye kosa ameokoka na asiye na kosa ndiye aliyeomba radhi.

Jana baada ya sala ya Ijumaa simu ikalia. "Mzee, ni mie wa Mtambwe. Sipigi kwa ubaya. Nauliza tu, ile minazi yangu minne, mtaniangulia nyie au nije mwenyewe?"

Kabla sijajibu, bibi yenu akapiga kelele kutoka jikoni: "Mwambie aje! Na ujira wangu wa kuchambua aje nao, pishi mbili zile!"