RX 580 ya mtumba au RTX 3050 ndogo? Hesabu ya mashini kuukuu ya Lubumbashi

Mdogo wangu aliingia uani jioni moja akiwa amebeba kadi ya grafiki, ile inayochora picha za michezo kwenye kompyuta, ndani ya mfuko wa mkate. Ilikuwa GTX 1050 Ti, kadi ya mwaka 2016, na ilikuwa imekwisha kufa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena, na kuanzia hapo skrini haikuonyesha kitu. "Yaya, nisaidie kuchagua nyingine," akaniambia, ila usoni nilimwona kwamba ameshachagua. Kwenye chumba cha michezo anakokwenda kila Jumamosi huko mtaa wa Kamalondo mashini zote zina RX 580, kadi ya kampuni ya AMD, na yeye alikuwa amepata moja ya mtumba, ya GB 8, kwa dola 90. Mimi nilikuwa nikifikiria RTX 3050 ya GB 6 ya kampuni ya NVIDIA, mpya ndani ya boksi, ambayo muuzaji mmoja wa mjini aliitaja kwa dola 230 na baada ya kubembelezwa akashuka hadi 215.

Dola 125 za tofauti ni pesa nyingi, na kijana anayejilipia mwenyewe ana haki ya kuuliza zinanunua nini. Kwanza mashini yenyewe. Ni kompyuta ya Dell OptiPlex 9020 ya kusimama, yenye prosesa i5-4590 ya mwaka 2014, moja ya zile zilizofanya kazi maofisini huko Ulaya kisha zikaletwa Afrika kwa kontena. Mashini ya namna hii ikipewa kadi inacheza. Isipopewa, ni ya kuandikia barua tu.

Upande wa mdogo wangu si upande wa mjinga. RX 580 ilitoka Aprili 2017, na kwenye karatasi bado inatisha. Kumbukumbu yake ni GB 8, nayo inapita kwenye njia ya biti 256 kwa kasi ya GB 256 kwa sekunde. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024, ina njia ya biti 96 tu na kasi ya GB 168. Ukiziweka mbili hizi kwenye michezo ya kawaida, 3050 hutangulia kidogo, lakini si kwa kiasi ambacho jicho la mtu anayecheza mpira litakiona. Yaani anayetoa dola 215 hapati mara mbili ya anachopata mwenye dola 90. Halafu kuna jina. NVIDIA ilitoa kwanza RTX 3050 ya GB 8, Januari 2022, yenye koa 2560, yaani vitengo vidogo vya kupigia hesabu. Hii ya GB 6 ina 2304, ni dhaifu waziwazi, na bado imeachiwa jina lilelile. Mnunuzi akitazama video za ile ya kwanza kisha akanunua ya pili, amepigwa bila hata kuibiwa.

Kwa hiyo, kama swali lingekuwa fremu ngapi, yaani picha ngapi kwa sekunde, kwa kila dola, mjadala ungeishia hapo.

Tatizo la kwanza la RX 580 ni historia yake. Nyingi zilikuwa wachimbaji. Sisi watu wa Katanga neno uchimbaji tunalisikia vingine, la madini, lakini hapa ni uchimbaji wa sarafu za kidijitali: kadi inapiga hesabu mchana na usiku, miezi kwa miezi. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliachana na mfumo huo, na kadi zilizokuwa zikilishwa nao zikamwagwa sokoni. Sikubaliani na wanaosema kadi ya mchimbaji ni maiti. Chipu inayokaa kwenye joto lilelile wakati wote haichoki kama inayopanda na kushuka, na wachimbaji wengi walipunguza umeme wa kadi zao ili wabane gharama. Kinachochoka ni feni na ile pasta ya kupitisha joto, na vyote viwili fundi anabadilisha. Kibaya zaidi ni BIOS, ile programu ndogo ya ndani ya kadi, iliyochezewa ili kadi ichimbe vizuri, maana kwenye mchezo inaweza kugandisha picha bila sababu unayoiona.

Kuna pia RX 580 ambayo si RX 580. Toleo liitwalo 2048SP lina koa 2048 badala ya 2304, yaani kwa mwili ni RX 570 iliyovalishwa shati la kaka yake. Si bandia, AMD yenyewe iliitoa, lakini muuzaji wa mtumba hataji herufi hizo za mwisho. Bandia halisi zipo kwingine. Niliwahi kushika "GTX 1050 Ti" iliyouzwa kwa rafiki yangu ikiwa na tundu la VGA, lile la buluu la skrini za zamani. Familia hiyo ya kadi haitoi kabisa mawimbi ya VGA, kwa hiyo tundu lenyewe lilikuwa linashtaki. Tulipofungua GPU-Z, programu inayosoma kadi na kuonyesha ni ipi hasa, mbele ya jina la kadi paliandikwa neno moja la Kiingereza ndani ya mabano ya mraba, maana yake bandia. Ndani ya kasha kulikuwa na chipu ya miaka mingi nyuma, iliyobadilishiwa jina. Anayenunua mtumba aende na GPU-Z kwenye flashi, aiwashe kadi dukani, aiache ifanye kazi nzito kwa nusu saa. Muuzaji akikataa, jibu ameshalitoa.

Haya yote mdogo wangu aliyasikiliza huku akitikisa kichwa. Alikuwa tayari kubahatisha, na dola 90 ni kiasi ambacho mtu anaweza kubahatisha nacho. Nilichofanya ni kufungua ubavu wa OptiPlex na kumwambia atafute waya wa kulisha kadi.

Haupo. Pawa saplai, au alimantasio kama mafundi wetu wanavyosema, ni ya wati 290, na haina ule waya wa pini sita wala wa pini nane. 1050 Ti yake iliishi humo kwa sababu ilikula kutoka kwenye tundu la bodi peke yake, ambalo kwa kanuni linatoa wati 75 na si zaidi. RX 580 inaomba wati 185 na plagi ya pini nane. Hapo ndipo watu wanapotoa adapta ya dola mbili inayogeuza waya wa SATA, ule wa diski, kuwa waya wa kadi. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba takriban wati 54 kwenye upande wa volti 12. Pini nane zinaruhusiwa kuvuta 150. Hesabu hiyo haihitaji shule kubwa. Nimeona plagi kama hiyo ikiwa imeyeyuka, plastiki nyeupe imekuwa ya kahawia na pini tatu zimeshikamana kama sukari iliyoungua sufuriani, na mwenye mashini alikuwa bado anailaumu kadi.

Njia ya halali ni kubadilisha alimantasio nzima. Lakini OptiPlex hii haitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye bodi. Ina ya kwake yenye pini nane, kwa hiyo unahitaji alimantasio nzuri pamoja na adapta ya kuiunganisha na bodi. Na nikisema nzuri, simaanishi yale makasha mepesi yanayoandikwa wati 500 ubavuni na ndani hayafikii hata 250. Ukijumlisha yote, dola 90 imeshaikaribia 215, na bado umebeba kadi ya miaka minane isiyo na dhamana.

RTX 3050 ya GB 6 inavuta wati 70. Matoleo mengi hayana plagi yoyote. Unachomeka kwenye tundu, unafunga ubavu, basi. Ukubali tu kusasisha BIOS ya bodi kwanza, maana bodi za umri huu wakati mwingine huwa na kinyongo na kadi changa.

Kisha kuna delestaji, ule ukataji wa umeme kwa zamu, na hapa nadhani wachambuzi wa nje hawawezi kutusaidia, kwa sababu kwao kadi inapimwa kwenye ukuta ambao daima una umeme. Kwetu jioni nyingi mashini inakula kutoka kwenye betri. Chukua betri moja ya asidi ya Ah 100, volti 12. Kwa jina ina wati-saa 1200, lakini ukitaka iishi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Konvertisa, inayogeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani, inakula chake, unabaki na kama 500. Mashini hii pamoja na skrini, ikiwa na RX 580 mchezoni, itavuta karibu wati 340. Hiyo ni saa moja na nusu hivi. Ikiwa na 3050 ndogo itavuta karibu 200, na unapata saa mbili na nusu. Saa nzima ya kucheza, kila jioni ya giza, bila kununua betri ya pili. Ukiwa na grupu, yaani jenereta, tofauti hiyo ni petroli. Sijaona mahali popote kadi zikipangwa kwa saa za betri, lakini kwa mtu wa mitaa kama Katuba au Ruashi hicho ndicho kipimo ningekiweka juu.

Joto linafuata njia hiyohiyo. Wati 185 zinatoka kadini kama hewa ya moto, kwenye chumba chenye dirisha moja, mwezi wa kumi. Na kiangazi chetu chenye vumbi jekundu hujaza mapezi ya kadi mpaka yanakuwa kama blanketi. Kadi kubwa ikizibwa inapata moto mapema kuliko ndogo. Inachekesha kidogo kwamba mirija ya shaba ndani ya hizo kadi huenda ilipita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, juu ya lori, na sasa inaturudia ikiuzwa kwa bei ya dhahabu.

Upande wangu nao una mashimo. GB 6 ni chache na zitazidi kuwa chache. Michezo mipya mizito inashusha ubora wa picha mpaka mtu anajiuliza alinunua kadi ya nini. Ila RX 580 nayo ina ukuta wake: haina vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, na tayari kuna michezo isiyokubali kuwaka bila hivyo, mfano Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages ya Mei 2025. Hiyo 3050 inavyo, japo kwa udhaifu. Kuhusu draiva, AMD imeiweka familia ya RX 580 kwenye masasisho ya nadra tangu mwishoni mwa 2023, na NVIDIA ilitangaza kwamba draiva za michezo kwa familia ya 1050 Ti zinaishia Oktoba 2025, zikibaki za usalama tu hadi Oktoba 2028. Kununua 1050 Ti nyingine, kama fundi mmoja alivyoshauri, ni kununua siku zilizokwisha.

Je, RX 6600? Kama ningekuwa na alimantasio ya kweli, nisingejadili kitu kingine. Ilitoka Oktoba 2021, ina GB 8, inavuta wati 132 na inaziacha hizi mbili mbali. Lakini inataka pini nane, na prosesa yenye nyuzi nne itaichelewesha kwenye michezo ya miji mikubwa. Kadi za Intel za Arc nisingemgusisha nazo mtu wa OptiPlex hii. Zinategemea Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, ambao bodi hii haina, na bila huo zinapoteza nguvu nyingi.

Kuna swali mama yetu aliuliza akiwa anasonga bukari, ugali wetu, bila kugeuka: kwa nini kuvisha viatu vipya mguu mzee? Ni swali gumu kuliko yote. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitambui rasmi prosesa ya kizazi hiki. Jibu langu ni kwamba kadi inahama. Mwaka kesho akipata mashini nyingine ya ofisi, changa zaidi, 3050 itaingia humo bila kuuliza waya wowote. RX 580 itauliza waya uleule tena. Na skrini yake ni ya inchi 19, piseli 1440 kwa 900; nguvu yoyote ya ziada ingemwagika nje ya fremu.

Alinunua 3050, nusu akalipa yeye, nusu mimi kwa deni ambalo najua sitalipwa. Tulichomeka stabilizateri, kituliza umeme, mbele ya kila kitu, jambo tulilopaswa kufanya kabla ya kuua ile ya kwanza, na umeme ukikatika sasa anachomoa waya ukutani mpaka urudi na kutulia kwa dakika chache.

Mwenye chumba cha michezo cha Kamalondo nilimweleza hesabu hizi zote. Alicheka. "Papa, mimi nina grupu, nina fundi wangu, nina mashini sita," akasema, na akavuta droo: RX 580 mbili zilizokufa, feni zimeng'olewa, mapezi yameondolewa, vipuri vya zile nne ambazo bado zinapumua. Kwake yeye ningenunua RX 580.