Anayebaki kazini si mwoga

Siku hizi mtu akisema barazani kwamba ana miaka kumi na tano bandarini au benki na hana mpango wa kutoka, hatapewa pongezi. Ataulizwa atajiajiri lini. Wahamasishaji wa mitandaoni wamegeuza kuacha kazi kuwa kipimo cha ushujaa, na anayengoja mshahara wa mwisho wa mwezi huonekana kama mtu asiye na ndoto. Naona hukumu hiyo imepita kiasi, ingawa wanaoitoa wana hoja.

Na Mombasa hoja yao ina uzito. Machi 2020, safari za ndege za kimataifa ziliposimamishwa, hoteli za Nyali na Bamburi zilifunga milango, na wapishi na wahudumu wa miaka mingi wakapewa likizo bila malipo. Mwaka mmoja kabla yake, amri ya kupeleka shehena Nairobi kwa reli ya SGR ilizikausha yadi za makontena, watu wakaandamana mitaani. Mwenye kuuliza uhakika wa ajira uko wapi hapaswi kuchekwa.

Ila mkasa huo wa reli tuutazame vizuri. Miongoni mwa walioumia walikuwemo wenye malori ya mkopo, mawakala wadogo wa forodha na akina mama wauza chakula upande wa Changamwe na Miritini. Hao walikuwa tayari wamejiajiri. Mwajiriwa wa kudumu wa bandari aliendelea kupokea mshahara. Septemba 2022 rais mpya aliagiza shughuli za kutoa mizigo zirejee Mombasa, lakini agizo halirudishi lori lililokwisha kupigwa mnada.

Kuna hesabu moja ambayo wahamasishaji hawaigusi, nayo ndiyo inayowaweka watu wengi kazini. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakataza jumla ya makato kuzidi theluthi mbili za mshahara. Kwa mwenye shilingi 60,000 ina maana anaweza kisheria kwenda nyumbani na 20,000. Na wapo wengi wanaoishi karibu kabisa na mpaka huo, kwa sababu ya mkopo wa kiwanja, wa karo au wa kuezeka nyumba ya mama.

Mtu wa namna hii hujidanganya kwa urahisi. Akitazama 20,000 mkononi husema, hata tuktuk italeta hiyo. Italeta, pengine. Lakini tuseme katika makato yale 22,000 ni ya mkopo. Siku anapoacha kazi, kodi ya mshahara inakoma na mkopo unabaki. Tuktuk sasa inatakiwa imletee 42,000 baada ya mafuta, matengenezo na faini, ili tu aishi vilevile alivyokuwa akiishi kwa shida. Hapo hajaweka hata senti ya uzeeni, wala mchango wa afya. Mwajiriwa hukatwa mchango huo, asilimia 2.75 ya mshahara, kila mwezi bila kuhisi. Aliyejiajiri hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mpigo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, si nyingi, lakini 3,600 za mara moja huwa nyingi pale Januari inapokuja na karo.

Halafu kuna wadhamini. Mikopo ya sacco za kazini kwa kawaida husimama juu ya akiba ya wenzako: yule wa idara ya pili, yule mliyeanza kazi pamoja. Ukiacha kazi na biashara ikayumba, marejesho yaliyokuwa yakikatwa kwenye mshahara hukatika, na sacco huwageukia wao. Kwa hiyo anayeambiwa "thubutu" anaombwa athubutu na akiba ya watu ambao hawakuulizwa. Hapa ndipo neno woga linaponikera. Mtu anayebaki ili mwenzake asikatwe kwa deni lisilo lake ana uungwana ambao jukwaa la mhamasishaji halina nafasi nao.

Sheria nayo haimbembelezi anayeondoka. Anayepunguzwa kazi hulipwa angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka kamili aliotumika. Anayejiuzulu hana haki ya malipo hayo. Ndiyo maana wazee wa kazi husubiri kwa hamu tangazo la kustaafu kwa hiari lenye kifurushi cha malipo, na vijana huwaona wazembe. Mimi naona wamesoma sheria.

Haya hayamhusu kila mtu. Kijana wa miaka 27 aliye kwenye mkataba wa miezi mitatu mitatu, asiye na mkopo wala mdhamini, ana kidogo sana cha kupoteza, na akitaka kwenda kujaribu uwakala wa forodha au kufungua karakana ya majokofu Kisauni, sioni sababu ya kumzuia. Vivyo hivyo fundi wa kreni ambaye kampuni tatu zinamtaka. Wa kuangaliwa ni yule wa miaka 42, mwenye watoto wawili sekondari na mkopo uliobakisha miaka mitatu. Kwake swali la kwanza ni kama mkopo unaweza kumalizwa kabla ya barua ya kujiuzulu, na kama wadhamini wake wameshajua kwamba anaiandika.