Kuongea Kiingereza siyo kujua kukifundisha
Eti mtu na mkewe wakishajua kuongea Kiingereza inatosha, wafunge mizigo waende kujitolea kufundisha nje mwaka mzima, ndivyo makala moja niliyosoma inavyosema na hapo mimi napinga kabisa. Mimi na mume wangu tumeifanya hiyo kazi, na tulianza na kozi ya ualimu wa Kiingereza ya CELTA, ina masaa yasiyopungua 120, yakiwemo masaa 6 ya kufundisha wanafunzi wa kweli huku mkufunzi kakaa pembeni anakuangalia, na bado darasa linakutoa jasho. Kuna yule mtoto wa dawati la nyuma, wenzake wanaitikia kwa sauti yeye anachezesha midomo tu, usipojua kumwona mwaka unaisha hajatamka hata sentensi moja yake mwenyewe, na huyo ndo anayeumia, mgeni keshapanda ndege yeye kabaki na mtihani. Kuwa wawili kunasaidia kweli, usiku mnapanga somo la kesho pamoja, ingawa na ya darasani mnayaleta mpaka chumbani. Peace Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa kupeleka watu kujitolea nje, ulioanza 1961, unachukua wanandoa lakini kila mmoja lazima afuzu kivyake, na wanakaa miezi 27 ikiwemo mafunzo. Sasa hawa wenye mashirika wanaokulipisha hela ndefu ili ukajitolee, hawaulizi cheti wala hawakagui rekodi yako ya polisi kabla ya kukuingiza kwa watoto wa watu, wanamjali nani hasa? Nyie mliowahi kufundishwa na wageni wa hivyo, alipoondoka mmoja, aliyefuata aliendelea alipoishia mwenzake au mlianza upya?